Kopo la Maharage Mlangoni

Sauti ya kiangazi cha mtaa wetu wa Buyenzi iliyobaki masikioni mwangu si adhana wala nyundo za magereji, ingawa hizo zilituamsha kila siku. Ni sauti ya maharage makavu yakicheza ndani ya makopo. Upepo ulipotoka ziwani wakati wa alasiri na kupanda na vumbi lake hadi mtaani kwetu, makopo ya maziwa yaliyoning'inizwa kwenye kila mlango yaliyumba, na maharage yakagonga bati, kra-kra-kra, nyumba hii, kisha ile, kisha mtaa mzima. Mgeni aliyepita alidhani ni dawa ya kufukuza wachawi, na wengine walisema hivyo kwa sauti, huku wakicheka. Sisi tuliwaacha wacheke. Tulijua kwamba kila harage lilikuwa mtu aliyelala nyumba ile, na kwamba kopo lilikuwa mali ya pompiye, na kwamba mtoto ambaye angelichezea angechapwa kwanza na Mzee Sefu kabla ya kuchapwa na mama yake.

Pompiye ndilo jina tulilowaita wanaume wa mtaa wetu waliojiunga kuzima moto. Hawakuwa na gari, sare wala mshahara. Walikuwa mafundi magari, wachomeleaji, wauza vitambaa, na wachache waliohamia kutoka mitaa mingine. Nyumba zetu zilibanana ukuta kwa ukuta, nyuma ya kila nyumba kulikuwa na gereji yenye petroli, matambara ya mafuta na cheche za kuchomelea, na vichochoro vyetu vilikuwa vyembamba kiasi kwamba gari kubwa lingesimama barabarani likitutazama tu. Kwa hiyo walijipanga wenyewe, na aliyewapanga alikuwa Mzee Sefu, mchomeleaji mwenye jicho moja lililoharibiwa na kazi na jingine lililoona kila kitu. Watoto tulimwita kwa siri Shefu Sefu, yaani mkuu. Kanuni zake zilikuwa kali, na alizisema kila Ijumaa baada ya sala kana kwamba sisi sote ni wageni. Mapipa ya maji yajae wakati wote, na maji yale hayaoshi pikipiki ya mtu, hata ya imamu. Kwenye mstari wa ndoo hakuna anayesema. Inayosema ni firimbi. Hakuna anayeingia ndani ya moto bila firimbi. Aliyechelewa, au aliyekutwa na sigara karibu na mapipa, adhabu yake ilikuwa kujaza pipa zima kwa birika la kutawadhia, mchana, wasichana wakipita. Nilimwona baba yangu mwenyewe, fundi wa magari aliyeheshimiwa, akienda na kurudi na birika lile la plastiki kwa sababu alikuwa amechelewa firimbi ya mazoezi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka, lakini hakulalamika pia, na hakuchelewa tena.

Kanuni ya maharage ilizaliwa na kifo. Sikukishuhudia, nilikisikia tu, kwa kuwa kilisimuliwa kila mara kijana mpya alipojiunga. Kulikuwa na pompiye mmoja jina lake Yasini, kijana aliyekuwa karibu kuoa. Nyumba ilipowaka, mwenye nyumba alipiga kelele kwamba mtoto wake yuko ndani. Yasini akaingia. Paa likamwangukia. Baadaye ikajulikana kwamba watoto wote walikuwa kwa shangazi yao, na kilichokuwa ndani ni cherehani tatu mpya ambazo mwenye nyumba hakuweza kuvumilia kuziona zikiungua. Yule bwana alihama mji na hatujui aliko. Mzee Sefu, aliyemtoa Yasini kwa mikono yake, aliapa kwamba mdomo wa mwenye nyumba hautaaminiwa tena mbele ya moto. Tangu hapo mwenye nyumba akawa anakalishwa. Nyumba ikishika moto, wanaume wawili walioitwa wakalishaji humkalisha juu ya kreti ya soda, wanamshika mabega, na hata alie vipi, hakuna anayemsikiliza. Badala ya mdomo wake, kopo lake ndilo lililosema. Shefu Sefu alilichukua mlangoni, akamimina maharage kiganjani, na kila mtu wa nyumba aliyeonekana, au aliyeshuhudiwa na jirani kwamba yuko mahali fulani, harage lake likatupwa chini. Kiganja kikibaki na harage, mtu yuko ndani, na firimbi inalia. Kiganja kikiwa kitupu, hakuna anayeingia, hata nyumba ikiwa na dhahabu. Mgeni akija kulala, unaongeza harage. Mtu akisafiri, unatoa. Panya walikula baadhi, na kuna mpangaji mmoja mwenye njaa aliyewahi kupika kopo la jirani, akajaza mapipa kwa birika juma zima, lakini kwa ujumla mtaa uliishika kanuni ile. Ilikuwa imeshamwokoa bibi kizee mmoja kiziwi ambaye hakuna aliyemkumbuka isipokuwa harage lake.

Nyumbani kwetu aliyeichukia ni Bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa mtu wa utani na ubishi, mfupi, mwenye mkono mwepesi wa kupika na mwepesi zaidi wa kuchapa. Kwake, watu hawahesabiwi. Ng'ombe wanahesabiwa, magunia yanahesabiwa, lakini ukihesabu watoto wa mtu unamwonyesha hasidi mlango, na mauti yenyewe inajua ije kuchukua wapi. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi alikujibu, "Ni bale Mungu alinipa," na ukirudia swali alikuuliza kama unataka kuwanunua. Hakuwa peke yake katika hili. Waislamu na Wakristo wa mji wetu, wenye asili ya hapa na waliokuja, wazee wao wengi walisema hivyo hivyo. Na Bibi alikuwa na sababu yake ya kuogopa zaidi. Baada yangu mimi, mama alizaa watoto wawili, na wote wawili tuliwazika kabla hawajaanza kutembea. Kisha akaja Majaliwa. Jina lake Bibi ndiye aliyempa, na tangu siku ya arobaini hakumweka chini. Alimbeba mgongoni akitwanga, akifagia, akigombana na wauza samaki. Majaliwa alikuwa mtoto wa macho makubwa na kikohozi, anayecheka bila sauti, na alipoanza kusema alimwita Bibi "mama" na mama yetu "ule mwingine." Mama aliumia kidogo, nilimwona, lakini aliuza vitambaa sokoni kutwa na hakuwa na la kufanya. Nilimpenda mno mdogo wangu. Nasema hivyo mapema kwa kuwa mengine yote yanatokana na hilo, na Bibi alimpenda kuliko nilivyompenda mimi.

Baba alipoweka harage la Majaliwa koponi, walikosana. "Mutoto wa kungojea hivi, habamuhesabu," alisema Bibi. "We unataka kumutangaza?" Baba akamwambia, "Mama, haragi moja inakuuma nini? Kama moto inakuya, nani atamukumbuka?" Wakabishana siku kadhaa, baba akilirudisha harage na Bibi akilitoa, mpaka siku moja Bibi akanyamaza, na baba akafikiri ameshinda. Kumbe Bibi alikuwa amelitoa mara ya mwisho na kulifunga kwenye pindo la kitenge chake, pale ambapo wanawake wazee hufunga pesa za chumvi. Alilifunga fundo gumu, na kitenge kile hakukivua tena isipokuwa kukifua. Ijumaa Shefu Sefu alipopita akitikisa makopo, kopo letu lililia kama mengine. Nani atajua kwa sikio kwamba limepungua moja? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Bibi hakuficha maradhi. Alificha kitu kizuri alichokuwa nacho, na kwa hilo nadhani hakuna methali.

Moto wetu ulikuja mchana mweupe. Ilikuwa ile sehemu ya kiangazi ambapo milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haionekani kwa vumbi, na majani yote yamekauka hadi yanalia ukiyagusa. Nilikuwa natoka madrasa na wenzangu. Tuliona moshi mweusi, wa mafuta, ukipanda nyuma ya nyumba zetu, na mmoja wetu akasema, "Iko kwenu." Nikamtukana. Kisha firimbi ikalia na nikaanza kukimbia. Cheche ya kuchomelea ilikuwa imeangukia matambara katika gereji iliyo nyuma ya ukuta wetu, petroli ikashika, na moto ukaruka ukuta, ukala chumba cha wapangaji wetu, Deo mwashi na mkewe Konsolata, ukapita kwenye dari letu la mikeka. Nilipofika mstari wa ndoo ulikuwa umeshapangwa, kimya kama kanuni inavyotaka. Ukimya ule ndio uliokuwa ukinitisha utotoni kuliko ndimi za moto: wanaume wengi namna ile, wanapumua na kupokezana ndoo, na hakuna neno. Konsolata alikuwa barabarani na kichanga chake, akisema "Mana yanje, Mana yanje," Mungu wangu, Mungu wangu, kwa sauti ndogo. Na baba yangu, aliyekuwa akisimama kwenye mstari katika moto wa kila mtu, alikuwa amekalishwa juu ya kreti. Wakalishaji wake walikuwa marafiki zake wa gereji. Alikuwa ametulia, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kunyolewa.

Mzee Sefu alikuwa amesimama mbele ya mlango wetu na kopo letu. Akanishika bega, akatupa harage. "Zaina iko huyu." La baba lilikuwa limeshatupwa. Akauliza mama yuko wapi, na jirani akajibu kwamba amemwona sokoni saa ile ile, harage. Deo alikuwa kwenye mstari, mkewe na kichanga barabarani. Harage, harage, harage. "Bibi?" Mwanamke mmoja akasema, "Bibi iko ku bomba, mi nilimuacha pale anapanga foleni." Harage la mwisho likaanguka vumbini. Mzee Sefu akafungua kiganja chake na kukionyesha kwa wote, kitupu, cheusi, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Baba aliniambia baadaye, mara moja tu, kwamba alipoona kiganja kile alimshukuru Mungu. Hakuwaza kwamba Majaliwa hakutajwa. Majaliwa alikuwa mgongoni mwa Bibi, na Bibi alikuwa bombani. Alipotajwa Bibi, yeye alisikia wametajwa wawili. Hata mimi nilisikia hivyo. Nilisimama kando ya kreti nikilitazama paa letu likijikunja, na nilichokiwaza ni gauni langu la Idi.

Ndipo Bibi akatokea kwenye kona na ndoo kichwani. Alitembea haraka, kisha akaitupa ndoo, na maji tuliyoyahitaji yakamwagika barabarani. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Majaliwa alikuwa amepata homa tangu asubuhi, alikuwa amelala mwishowe, na Bibi, kwa mara ya kwanza pengine, alikuwa amemweka chini, chumbani kwake, akavuta pazia, akaenda kuchota maji ya kumpangusa. Baba aliuona mgongo ule kabla yetu sote. Akasimama, na wakalishaji wakamrudisha chini. "Sefu!" akapiga kelele. "Mutoto yangu iko ndani!" Na mstari mzima ukayumba, kwa sababu hayo ndiyo maneno, neno kwa neno, yaliyomuua Yasini. Mzee Sefu akageuka. Uso wake nauona hata sasa. Alimpenda baba, walifuturu pamoja, na bado akasema, "Kopo iko tupu, ndugu yangu. Kaa chini." "Nakuapia kwa Mungu!" "Bote banaapa. Kaa chini." Baba akapigana nao. Mwanamume mzima, akiuma mikono ya rafiki zake, na wao wanalia lakini hawamwachii, kwa kuwa ndiyo kazi yao, na yeye mwenyewe alikuwa ameifanya kwa wengine.

Bibi alikuwa amepiga magoti barabarani, na nilidhani anaomba. Alikuwa anafungua fundo. "Haragi yake iko na mi," alisema, kwanza kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, kisha akaipaza. "Sefu, iko na mi! Mi nilitoa! Ngojea!" Lakini fundo lilikuwa limefuliwa na kukaushwa na kukaliwa kwa miezi, na vidole vyake vilikuwa vya kizee. Halikufunguka. Akalitia mdomoni. Akalivuta kwa meno machache aliyokuwa nayo, na mtaa mzima ukawa umesimama ukimtazama ajuza akitafuna kitenge chake mbele ya nyumba inayoungua. Sijui ilichukua muda gani. Nimesikia watu wakisema ni kidogo tu. Mimi ningeweza kusali sala nzima. Kitambaa kikachanika, harage likatoka, jekundu, zima, na Bibi akatambaa nalo hadi miguuni pa Mzee Sefu akaliweka kiganjani mwake. Firimbi ikalia hapo hapo. Deo mwashi, aliyekuwa karibu na mlango, akajifunika gunia lililoloweshwa na kuingia.

Alitoka na Majaliwa kifuani, amemfunga kwa shati lake. Moto haukuwa umemgusa. Hilo ndilo lililotuchanganya: nywele zake, kope zake, hirizi ndogo shingoni, vyote vizima, ila puani tu kulikuwa na weusi. Deo ndiye aliyeungua, mikono yote miwili, kwa kuwa alikuwa amesukuma boriti iliyoziba mlango wa chumba. Nilifurahi. Niliruka kwa furaha, na jirani akanishika na kunigeuza uso. Mama alifika kutoka sokoni akiwa bado na mita ya kupimia vitambaa shingoni, akampokea mwanawe, akamtikisa, akamwita. Kulikuwa na kitu kidogo kama kukohoa, kisha hakukuwa na kitu. Kabla ya magharibi alikuwa ameshatandikiwa shuka jeupe nyumbani kwa Mzee Sefu, kwa kuwa sisi hatukuwa na nyumba.

Tulimzika asubuhi. Kanuni ya pompiye ilisema kwamba baada ya kila moto wakae kikao, kila mmoja aeleze alichofanya, na aliyekosea aadhibiwe. Safari hii walikaa kwenye mkeka wa matanga, kwa kuwa wote walikuwa hapo tayari. Mzee Sefu akaeleza kwamba aliitwa na hakwenda, kwa sababu kopo lilikuwa tupu. Kisha akaivua firimbi shingoni na kuiweka mbele ya baba. Mwanamume mmoja, ambaye Mungu amsamehe kwa sababu mimi sijaweza, akasema kwa upole wa kinafiki kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Bibi alikuwa nyuma ya pazia na wanawake, na alisikia, sote tulisikia. Baba akamtazama yule mtu mpaka akainuka na kwenda zake. Kisha akaiokota firimbi, akaifuta kwa kanzu yake, akamvisha Mzee Sefu. "Haragi ingekuwa mule, ungemutosha mapema, ungemutoa muzima," alisema. "Ile kanuni haikuniulia mutoto. Endelea." Akasema hivyo kwa sauti iliyonyooka, na wanaume wakainamisha vichwa, na nilijivunia baba yangu. Mama hakujivunia. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba kama angekuwa na nguvu siku ile angeimeza firimbi ile ili isilie tena. Hakumsemesha Mzee Sefu mpaka mzee alipokufa, ingawa alimpelekea chakula alipougua.

Jioni ya siku ile, waombolezaji walipopungua, nilikuwa nimekaa kizingitini kwa Mzee Sefu. Hakukuwa na upepo kabisa, makopo yalikuwa kimya. Ndipo nikasikia, ng'ambo ya barabara, tik. Nikainua macho. Ajuza wa nyumba ya mbele alikuwa amesimama mlangoni pake, mkono ndani ya kopo, akitazama huku na huku kama mwizi. Akaingia ndani. Kisha, nyumba mbili chini yake, tik. Kisha upande wetu. Bikizee mmoja alifungua pindo, mwingine alitoa kitu kwenye kilemba, mwingine alikuwa nalo ndani ya pochi ya tasbihi. Harage moja likarudi koponi hapa, harage moja pale, mtaa mzima, mpaka giza likaingia. Mzee Sefu alikuwa ametoka na kusimama nyuma yangu, na jicho lake lile zima liliona yote. Kila Ijumaa alikuwa ameyatikisa makopo yale. Alisema tu, "Bote," na akakaa chini kwenye kizingiti kando yangu. Kwa hiyo Bibi hakuwa mjinga wa peke yake, na hakuwa mwovu. Alikuwa na bahati mbaya tu kwamba moto ulikuja kwake.

Kanuni ikaongezwa: harage litiwe mbele ya pompiye, na jina lisemwe kwa sauti. Wazee hawakupinga tena. Bibi aliishi nasi katika nyumba tuliyoijenga upya kwa msaada wa mtaa, na kila alfajiri alilishusha kopo na kuyahesabu maharage kwa kelele, jina kwa jina, mimi, baba, mama, kana kwamba anatushtaki. Akifika mwisho aligusa pindo la kitenge chake, kisha akalitundika. Mgongo wake, uliokuwa umenyooka chini ya uzito wa mtoto, ulipinda ulipokuwa mtupu. Hakuna aliyemlaumu mbele yake, na nadhani kulaumiwa kungemsaidia. Deo hakushika mwiko wa uashi tena, vidole vilikuwa vimeshikana. Leo ni mlinzi wa lango Kinindo, kwenye nyumba yenye bustani, na Idi zote mbili huja kwa baba kula pilau. Huingia, huketi, na baba humkatia nyama mwenyewe kwa kuwa kisu kinamshinda.

Mtaa wetu umebadilika. Mzee Sefu alipokufa firimbi haikupata shingo ya kuitosha, vijana wana shughuli, na makopo yakatoka milangoni moja moja. Soko kuu la Rohero, katikati ya mji, lilipoungua nilikuwa msichana mkubwa, na tulisimama juu ya ukuta kuutazama ule moshi. Baba aliteremka kabla yetu, akaenda kulitikisa kopo letu, ingawa sote tulikuwa hapo mbele yake. Sasa nafanya kazi ofisini, Rohero. Kwenye ukuta wetu kuna mtungi mwekundu wa kuzimia moto, na tangu niajiriwe sijaona mtu akiugusa ila kutundika mwavuli. Tuna kanuni pia, nzuri, zimechapwa na kubandikwa karibu na choo. Hakuna anayejua tuko wangapi ndani ya jengo lile. Wakati mwingine, katikati ya kikao, najikuta nawahesabu wenzangu kwa macho, na siachi mpaka nimalize.

Ninaishi Kanyosha na mume wangu na watoto. Kopo liko mlangoni, mume wangu alilicheka mwaka wa kwanza kisha akalizoea. Mtoto wetu wa mwisho alikuja baada ya mimba mbili kuharibika, na alipotimiza arobaini nilichukua harage lake jikoni, jekundu kama lile, nikasimama nalo mlangoni asubuhi, yeye akiwa mgongoni amelala. Mama mkwe wangu, mama wa kanisani asiyemjua Bibi hata kwa jina, alikuwa akifagia uani. Akauona mkono wangu. "Mwanangu," akaniambia taratibu, "uyu muache kwanza. Batoto habahesabiwi." Na mkono wangu ukagoma. Najua kila kitu ninachokijua, niliona fundo lile likitafunwa, niliosha na mama yangu nguo ndogo alizotolewa nazo Majaliwa, na bado vidole vyangu vilijifunga juu ya harage lile na kutaka kulirudisha, kulificha mahali popote, kwenye pindo. Miaka yote nilikuwa nimemhurumia Bibi, sikuwa nimemwelewa. Nililia pale mlangoni, nikimlilia yeye kwa mara ya kwanza. Kisha nikalitaja jina la mwanangu kwa sauti na kulidondosha. Lilipogonga bati niliruka. Mtoto hakuamka. Nilisimama nikisikiliza pumzi zake mgongoni kwangu, kisha nikaenda kuwasha mbabura, jiko letu la makaa, nipike chai.